Kujifunza na Kumiminiwa: Juu ya Ujuzi wa Mwili katika Fasihi Yetu

Tamaa ya kupata bila ya taabu ni ya kale kuliko mashine yo yote. Mkulima aliyechoka alitamani jembe lilimalo lenyewe, na mwanafunzi aliyechoka kukariri alitamani elimu inywewayo kama maji. Katika zama zetu tamaa hiyo imevaa nguo mpya. Mwaka wa 1999 filamu ya Marekani iitwayo The Matrix ilimwonyesha kijana aliyelazwa kitini, waya umechomekwa kisogoni pake, akatiwa kwa muda mfupi ustadi wa kupigana ambao wengine huutafuta kwa miaka. Alipofumbua macho alikuwa bingwa. Tangu hapo wako watu wanaolizungumza jambo hilo si kama hadithi bali kama ahadi: kwamba siku moja lugha, muziki, useremala na upasuaji vitapakiwa katika ubongo kama shehena ipakiwavyo chomboni.

Swali la makala hii si kama mashine hiyo itaundwa au haitaundwa. Swali ni hili: ujuzi ni kitu cha namna gani hata uweze kumiminwa? Mhakiki wa fasihi ana haki ya kulijibu, kwa kuwa fasihi ya Kiswahili imekwisha kuligusa mara nyingi, na lugha yenyewe imekwisha kutoa hukumu kabla yetu. Nitasema mapema nionavyo. Ujuzi si mzigo ambao mtu huubeba, bali ni badiliko la mtu mwenyewe, na hakuna awezaye kubadilika hivyo pasipo kushiriki katika kazi ya kubadilika kwake.

Yafaa kwanza tuiondoe dhana kwamba ndoto hii ni ya kigeni. Pwani yetu yaijua. Kombe ni sahani nyeupe iliyoandikwa aya za Kurani kwa wino wa zafarani. Maandishi huoshwa kwa maji, mara nyingine kwa maji ya waridi, na mgonjwa hunywa. Wako pia waliompa mtoto kombe ili akili yake ifunguke na kisomo kisimpotee. Mwenye kutazama juu juu atasema kwamba hapa ndipo elimu ilipomiminwa tumboni. Lakini na alitazame lililofuata. Mtoto aliyekunywa kombe alirudishwa chuoni, akaketi mkekani pamoja na wenzake. Alianza na alifu na be, akaendelea kuunganisha herufi kwa sauti, akasoma juzuu baada ya juzuu, mwili ukiyumba mbele na nyuma kwa mahadhi ya kisomo, hata akahitimu. Hakuondolewa chuoni kwa sababu amekwisha kunywa. Kombe lilikuwa dua ya kufungua mlango. Kuingia kulikuwa kwa miguu ya mtoto mwenyewe. Na neno hilo kuhitimu, ambalo leo tunalitumia kwa kijana wa Chuo Kikuu avaaye joho, latoka katika kukamilisha kisomo cha Kurani, yaani kufika mwisho wa njia iliyotembewa yote.

Tuendelee na lugha kidogo. Kiswahili hakina neno jepesi la kusema kwamba mtu amepata ujuzi pasipo yeye kutenda. Twasema amejifunza. Kiambishi ji humrejesha mtenda kwake mwenyewe, hata anayefunza na anayefunzwa wakawa mtu mmoja. Ataleta mtu hoja kwamba tunalo pia neno kufundishwa. Ni kweli, lakini kila mwalimu ajua kwamba mtoto aweza kufundishwa miaka mitatu asijifunze kitu, na sentensi hiyo haina kosa wala kioja katika masikio ya Mswahili. Kufundisha ni tendo la mwalimu, kujifunza ni tendo la mwanafunzi, na hili la pili halifanywi kwa niaba. Tena kutoka kuzoea tumepata zoezi na mazoezi, tukapata mzoefu na uzoefu. Kwa lugha yetu, mwenye ujuzi mkubwa ni yule aliyezoeana na kazi yake kama mtu azoeanavyo na jirani. Vitenzi vitumikavyo kwa ndoto mpya, yaani kutia, kupakia, kumimina na kupandikiza, vyote vina mtendwa asiyetenda kitu: gunia, jahazi, mtungi, shamba. Mwanafunzi akiwekwa mahali pa mtungi, lugha yenyewe yanung'unika.

Sasa twende katika vitabu. Shairi la kawaida la Kiswahili lina mishororo minne katika kila ubeti, mizani 16 katika kila mshororo, 8 upande huu na 8 upande ule, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Sheria hizi mwanafunzi mwerevu aweza kuzishika katika saa moja. Mwaka wa 1954 Kaluta Amri Abedi alizitia kitabuni, na wanafunzi wa ushairi tangu wakati huo wana deni kwake. Lakini jina la kitabu chake lapaswa kusomwa lote: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwandishi hakuzitoa sheria peke yake. Alizifunga katika jalada moja na mashairi yake mwenyewe, kana kwamba asema: haya ndiyo niyajuayo, na hii ndiyo kazi ya mkono wangu. Umbo hilo la kitabu ni hoja nzima, ingawa aghalabu twalipita bila kuliona. Sheria zaweza kuhamishwa kutoka ukurasa hadi kichwani kwa haraka. Diwani yaonyesha kile ambacho sheria hazikuweza kukihamisha.

Kila anayefundisha utunzi amekwisha kuuona ushahidi wa jambo hili darasani. Mwanafunzi huleta ubeti ulio sawa kwa hesabu na mgonjwa kwa sikio. Vina vimetimia, mizani haikupungua hata mmoja, lakini neno limevutwa nywele ili lifike mahali pake, na mshororo wachechemea. Ukimwuliza sheria, azijua zote. Kosa lake ni kwamba sheria imeingia kichwani haijashuka sikioni, na njia ya kushuka ni moja: kusoma kwa sauti, kuimba, kutunga, kufuta, kutunga tena. Malenga hahesabu mizani kwa vidole. Sikio humwambia palipo na upungufu kabla akili haijauliza. Lau mashine ingempa mwanafunzi huyu sheria hizo kwa nukta moja badala ya saa moja, ingekuwa imempunguzia dakika 59 na kumwachia miaka yote iliyobaki.

Shaaban Robert aliligusa jambo hili kwa upande mwingine katika Kufikirika, kitabu kilichotolewa mwaka wa 1967, miaka 5 baada ya kufa kwake. Mfalme wa nchi hiyo alikosa mtoto, akawakimbilia waganga wa kila namna. Mtoto alipopatikana na kukua, alitiwa mikononi mwa mwalimu aitwaye Utubusara Ujingahafi. Mwalimu alitaka michezo iwe sehemu ya elimu ya mwanafunzi wake. Mfalme hakuridhika, na mwalimu akapoteza kazi. Wengi wamekisoma kitabu hiki kama fumbo la utawala na sheria mbaya, nami sikatai. Lakini ugomvi wa Mfalme na mwalimu ni ugomvi juu ya mwili. Mfalme ni mtu aliyezoea kuagiza na kuletewa. Aliagiza mrithi kwa waganga. Sasa ataka kuletewa mwanachuoni kwa mwalimu, na michezo kwake ni upotevu wa wakati uliopo baina ya agizo na bidhaa. Mwalimu ajua kwamba wakati huo ndio elimu yenyewe. Kijana anayekimbia, akaanguka, akainuka, apata humo kitu ambacho hakina ukurasa wake. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mfalme alitaka mwana aende mbele bila kujikwaa.

Hata hivyo sharti tuseme upungufu wa kitabu hiki katika jambo tunalolichunguza. Shaaban Robert apenda hoja kuliko tendo. Michezo yatetewa vizuri kuliko ionyeshwavyo. Twasadiki kwamba mwalimu ana haki kwa kuwa maneno yake yana uzito, si kwa kuwa tumeuona mguu wa mwana wa Mfalme ukijifunza kukwepa. Hivyo kitabu kinachotetea mwili chautetea kwa ulimi. Si aibu kubwa, maana insha na hadithi vilikuwa ndugu katika kalamu yake. Lakini msomaji atakaye kuona ustadi ukizaliwa katika nyama na mfupa itambidi afungue kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo.

Kitabu hicho ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka wa 1958. Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka wa 1880, akalelewa katika umaskini na kazi ya ufinyanzi. Hakujua kusoma wala kuandika. Alihamia mjini mwaka wa 1911, na huko Ali Muhsin, mpiga udi, akamfunza uimbaji wa taarabu. Mwaka wa 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Akafariki mwaka wa 1950. Tumfikirie mwanamke huyu mbele ya swali letu. Asiyejua kusoma hana ghala jingine la kuwekea kazi yake isipokuwa mwili wake. Kila wimbo ulipaswa kukaa sikioni, kifuani na kooni, na wimbo haukai humo kwa kusikiwa mara moja. Mikono iliyofinyanga udongo ilikwisha kumfunza kwamba chungu kilichoharakishwa hupasuka motoni.

Na safari ya Bombay yatupa mfano mzuri kuliko waya wa filamu. Santuri ilikuwa mashine ya kwanza iliyoweza kuichukua sauti ya Siti ikaitoa mahali ambapo Siti hakuwapo. Mtu aliyeketi Lamu au Dar es Salaam alizungusha sahani, na mara hiyo sauti ya Unguja ikajaa sebuleni. Lilikuwa jambo la ajabu, na lilieneza Kiswahili na taarabu kuliko safari nyingi za majahazi. Lakini aliyeinunua sahani hakununua uwezo wa kuimba. Msichana aliyetaka kuimba kama Siti ilimbidi airudie sahani hiyo, aimbe pamoja nayo, akose pumzi mahali ambapo Siti hakukosa, arudie tena hata kifua kikapanuka. Mashine ilihamisha tunda la ustadi, na mti ukabaki ulipoota. Sioni kwamba mashine za leo, kwa ukubwa wake wote, zimeivuka mipaka ya santuri katika jambo hili.

Wasifu wenyewe nao una upungufu ambao sisi wahakiki tumeurithi. Mwandishi alikusudia kutupa mfano wa tabia njema, subira na utu, na alifanikiwa. Saa za mazoezi, makosa, namna mwalimu alivyomsahihisha, hayo hayakupewa nafasi kama sifa zilivyopewa. Tangu hapo, tunapomtaja msanii mkubwa twakimbilia neno kipaji, na tukisha kulitaja twadhani tumeeleza. Neno hili lina ukweli wake. Si kila koo ni la Siti. Lakini likitumika peke yake hulifuta jasho. Mtu asemaye kwamba ustadi wa Siti ulikuwa kipaji tu, na mtu asemaye kwamba ustadi utapakiwa kwa waya, wamekubaliana bila kujua: wote wawili waamini kwamba ujuzi hutoka nje na kuingia kwa mara moja, huyu asema kwa mkono wa Mungu, yule kwa mkono wa mhandisi. Uhakiki wetu ukitaka kumjibu mhandisi, na uanze kwa kuacha uvivu wake wenyewe.

Jambo lisemwalo juu ya waimbaji laonekana pia katika kazi zisizoimbwa. Huku Boko, kaskazini ya Dar es Salaam katika barabara ya Bagamoyo, nyumba zapanda kila siku, na kila msingi una shule yake. Saidia fundi huanza kwa kubeba maji na matofali. Kisha huchanganya mchanga na saruji, akiambiwa "bado" na "sasa" hata koleo lenyewe likamwambia mchanganyiko umeiva. Siku nyingi baadaye hupewa mwiko apige lipu mahali pasipoonekana na wageni, na lipu yake yaanguka, kwa kuwa amerusha kwa nguvu ya bega badala ya kifundo cha mkono. Kanuni za timazi na pimamaji angeweza kuambiwa siku ya kwanza. Kifundo cha mkono hakiambiwi. Bandu bandu huisha gogo, na serikali yenyewe imeukubali ujuzi wa namna hii: VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1994, humpima mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa na kumpa cheti cha kile mikono yake iwezacho.

Sayansi, ikisomwa kwa makini, haisemi kinyume cha hayo. Mwaka wa 1953 mtu mmoja wa Marekani, ajulikanaye vitabuni kwa herufi H.M., alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa, akapoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Brenda Milner wa Canada alimpa kazi ya kuchora nyota akitazama mkono wake kiooni, na mwaka wa 1962 akaeleza matokeo. Kwa siku tatu mkono wa H.M. uliendelea kuwa hodari, ingawa yeye hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo. Kumbe ujuzi wa mkono una nyumba yake, mbali na nyumba ya habari na maneno. Kuijaza nyumba moja si kuijaza ya pili. Mwaka wa 2011 wataalamu wa Boston na Japani walitangaza kwamba wameufunza ubongo wa watu kutambua michoro fulani pasipo watu hao kujua wanafunzwa nini, na magazeti yakaikumbuka filamu ile. Lakini watu hao walilala katika mashine siku baada ya siku, wakirudia na kurudia. Hata pale akili isipojua inafanya nini, ubongo ulifanya zoezi. Na kifaa kilichopandikizwa mwaka wa 2024 na kampuni ya Neuralink katika ubongo wa mtu aliyepooza chasoma makusudio yake ili asogeze alama katika kompyuta. Hilo ni jambo kubwa, lakini ni kutoa habari katika ubongo, si kutia ustadi.

Mfano ulio karibu zaidi na ndoto yetu uko hapa mjini. Tangu mwaka wa 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imewapandikizia watoto viziwi vifaa vya usikivu, ambavyo huipitishia sauti kwa umeme moja kwa moja katika mshipa wa fahamu wa sikio. Hapa kweli mashine yapeleka kitu ndani ya kichwa. Je, mtoto husikia maneno siku kifaa kiwashwapo? La. Husikia mshindo asioujua maana. Baada yake huja miezi na miaka ya kumfunza kutofautisha jina lake na kelele ya mlango, na kulitamka neno hata likakubali. Mafanikio ya upasuaji huo hayapungui kwa hilo. Yaelezeka kwa hilo. Fundi wa chuma amefungua mlango, na mtoto, pamoja na mama yake na walimu wake, ndio waingiao. Ni hadithi ya kombe na chuo iliyorudi katika vazi la karne hii.

Haki yataka tuisikilize hoja ya upande wa pili katika nguvu zake. Atasema mtu kwamba sifa za mazoezi husemwa na walioshiba. Wako watoto waliopigwa vyuoni kwa jina la mafunzo, na wako saidia fundi waliochukua ndoo miaka mingi bila kuonyeshwa mwiko, kwa kuwa fundi alifaidi kazi ya bure. Wako watu ambao miili yao haiwezi kurudia wala kuvumilia. Kwa hao, ndoto ya ujuzi wa ghafula si uvivu. Ni kilio cha haki. Naikubali hoja hii kwa moyo mmoja, ila naikataa hatima yake. Kiboko si zoezi, wala unyonyaji si uanagenzi. Ubaya wa mwalimu hauponywi kwa kumwondoa mwanafunzi katika kujifunza kwake, bali kwa kumwondolea kiboko na kumpa mwiko mapema. Na mashine iwezayo kumfungulia mlango aliyefungiwa na isifiwe, mradi tusimdanganye kwamba kufunguliwa ni kufika.

Tukifikiri kwamba jambo hili ni la siku zijazo tutakuwa tumechelewa. Leo zipo programu za kompyuta zitungazo insha na mashairi kwa amri ya maneno machache, na mwanafunzi wa Kiswahili aweza kuleta tenzi ya beti 50 ambayo hakuitafuta hata silabi moja. Hatari kubwa si kwamba mwalimu atadanganywa. Hatari ni kwamba kijana atashika tunda mkononi akadhani ameota mti. Akiondoka Chuo Kikuu na cheti, sikio lake litakuwa kama lilivyoingia, na siku itakapotakiwa sauti yake mwenyewe, barazani, mahakamani au msibani, hatakuwa na cha kutoa. Taifa linaloandika na kusahihisha kwa Kiswahili haliwezi kuwategemea wasomi wa namna hiyo.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili katika masomo yetu ya fasihi. Kwanza, utunzi na usomaji wa sauti virejeshwe katikati ya somo la ushairi, wala si pembeni: mwanafunzi aghani, atunge, asahihishwe mbele ya wenzake, atunge tena, na alama zitolewe kwa rasimu zote pamoja na ile ya mwisho. Pili, katika kuhakiki kazi na maisha ya wasanii wetu, tuulize daima walijifunzaje, kwa nani, kwa muda gani, na kwa makosa yapi, kabla ya kulitaja neno kipaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama huko si adhabu iliyowekwa mbele ya ujuzi. Ndiko kunakomfanya aliyeinama awe mtu mwingine atakapoinuka, na bila mtu huyo mwingine kile cha mvunguni hakina mwenye kukitumia.